Mpaka Uliopinda kwa Ajili ya Tela

Pale Bugene, kabla hujafika kwenye ghala la kahawa, kuna nyumba ya bati jekundu iliyosogea kidogo kutoka barabarani. Simama hapo uulize, "Mama Rivasi yupo?" Hata mtoto wa chekechea atakuonyesha kwa kidevu. Usimuulizie Felicitas, utawapa watu kazi ya kufikiri. Felicitas ni jina la ubatizo, linaitwa kanisani na kliniki. Majirani humwita Mama Joanitha, kwa binti yake wa miezi tisa anayeshinda mgongoni. Hilo la Rivasi alipewa na madereva, nalo ndilo lililoshika.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mwanya, na sauti isiyolingana na mwili. Akimbembeleza mtoto humsikii hata ukiwa mlangoni. Akiliita lori, kuku wa nyumba ya tatu wanainua vichwa.

Mambo yalianza msimu wa kahawa. Msimu ukifika, malori yanaijaza barabara hii. Kuna ya kahawa yanayongoja zamu ya ghala, ya ndizi yanayotoka Kyerwa, ya saruji yanayokwenda huko Kyerwa, na yote yanataka mahali pa kupumua. Mahali penyewe hapana. Lami ni nzuri, lakini waliojenga waliyakumbuka magari yanayokwenda wakayasahau yanayosimama. Ukitoka kwenye lami ni mtaro, ukivuka mtaro ni migomba ya mtu. Basi madereva wakawa wanaegesha nusu lami nusu majani, wanakata matawi na kuyatupa nyuma ya gari kama alama, wanalala juu ya usukani. Ndipo bwana mmoja wa bodaboda akaja akalivaa lori lililosimama, akavunjika mguu. Mguu ulipona, Mungu mkubwa, lakini trafiki wakaja juu: asionekane mtu ameegesha pembeni.

Kusimama marufuku, na pa kwenda hakuna. Malori yakawa kama kuku waliokuta banda limefungwa. Yanapita kwenda Kayanga, yanageuza, yanarudi, yanapita tena.

Felicitas alikuwa akiyatazama kutoka kibarazani, mtoto yuko titini. Siku moja mchana aliliona lori moja likipita mara tatu, dereva wake macho mekundu kama pilipili. Mara ya nne likasimama mbele ya nyumba, kichwa kikatoka dirishani.

"Dada, nisaidie. Nikipita tena hapa, hata mbuzi watanisalimia kwa jina. Huna mahali nifumbe jicho moja tu?"

Huyo alikuwa Polikarpi, mtu wa Muleba, mnene na mwingi wa maneno. Felicitas akacheka. Mahali palikuwapo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja cha udongo ulioshindiliwa, ambacho baba mkwe wake alianikia kahawa enzi za uhai wake. Ni kikubwa, kikavu, na hakikuwa na kazi. Tatizo lilikuwa mlango wake. Mkono wa kulia palikuwa na mtaro, mkono wa kushoto migomba ya jirani, na katikati upenyo wa lori moja na nusu. Ndani hakuna pa kugeuzia, kwa hiyo lazima gari liingie kinyumenyume.

"Hapo haiingii," alisema Polikarpi.

"Itaingia," alisema Felicitas, akamfunga mtoto mgongoni.

Yeye alikulia upande wa Kyerwa, kwenye ng'ombe wa baba yake, Mzee Rwezaura. Tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango wa zizi. Ng'ombe wa pembe ndefu akikwama mlangoni humsukumi, atavunja nguzo. Unasimama anapokuona, unamrudisha hatua moja, unamgeuza kichwa, unamwita tena, taratibu, neno lile lile. Felicitas akajisimamisha mahali alipouona uso wa Polikarpi ndani ya kioo cha pembeni. Alijua kwamba ukiuona uso wake, naye anauona wako. Akachuma jani la mgomba, akalinyanyua.

"Twende... twende... kata kushoto. Acha! Nyoosha. Twende... twende... hapo!"

Breki ikatoa pumzi, *psss*, na Joanitha kule mgongoni akacheka kicheko cha tumbo, kile cha watoto ambacho hata mtu mwenye msiba kitamfanya ageuke. Polikarpi akalala kwa muda wa saa tano. Alipoamka akala sahani mbili za ndizi na maharage, akaondoka akilitangaza jina la Mama Rivasi kutoka Muleba mpaka Murongo.

Tangu hapo kiwanja hakikukaa kitupu. Madereva walilipa kidogo, wakala, wakaoga, wakalala. Chungu cha Felicitas kilipata kazi. Lakini lililomfurahisha hasa hakulisema kwa mtu. Shuleni aliishia la saba, na mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna jambo analijua kuliko wengine. Sasa watu wazima wenye masharubu na leseni walimtazama yeye kwenye kioo, wakafanya anavyosema.

Ng'ambo ya migomba ndipo alipokaa jirani yake, Mzee Rwegoshora, na mkewe Kokwijuka. Mzee alikuwa karani wa mizani ya kahawa miaka thelathini, sasa amestaafu, na alibaki na ile sura ya kukagua gunia. Alilalamika kuhusu moshi, alilalamika kuhusu honi. Lakini Felicitas, ambaye macho yake hayalali, aliona jambo. Mzee alikuwa ametundika kioo cha kunyolea kwenye nguzo ya jiko lake. Kila lori lilipoanza kurudi nyuma, mzee alitoka na beseni, akakaa kwenye kigoda akiwapa mgongo, akaanza kunyoa ndevu. Siku ya malori matatu alinyoa mara tatu. Na kidevu chake kilikuwa na unywele wa kuhesabika.

Felicitas alinyamaza. Siri ya mtu mzima haichezewi.

Kati ya viwanja hivyo viwili kulikuwa na mstari wa miramula. Ni miti myembamba yenye majani marefu ya kuning'inia, wazee huipanda mpakani kwa sababu haifi na haihami. Ilikuwa mitano. Wa kwanza, ule wa mlangoni kabisa, ndio uliokuwa ukiwatoa madereva jasho.

Ikaja Jumatano moja, saa nne asubuhi. Mzee Rwegoshora na mkewe walikuwa wamekwenda harusini Kiruruma tangu jana yake. Polikarpi akatokea, safari hii na gari jipya la tajiri wake, lina tela, limejaa saruji. Felicitas alikuwa ndani anamnyonyesha mtoto.

"Nakuja, ngoja amalize!" alipaza sauti.

Polikarpi akaona kofia nyeupe ya trafiki inakuja juu ya kilima. Hakungoja. Tela si lori. Ukikata kushoto yenyewe inakwenda kulia. Mkia ukayumba, ukaupiga ule mramula wa mlangoni, ukaung'oa, na matairi yakapita mahali pake mara mbili, mbele na nyuma, mpaka shimo lenyewe halikuonekana tena.

Felicitas alitoka mbio, kifungo kimoja wazi. "Mawe, mama yangu! Polikarpi, umefanya nini?"

"Nimegonga mti."

"Ungegonga mti ningecheka. Huu ni mramula wa mzee!"

Polikarpi, mtu wa Muleba, alijua uzito wa neno hilo. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyevunja chungu. Felicitas naye alikuwa na wazo moja tu: mzee asirudi akaona mpaka wake umelala chini. Akachukua jembe. Lakini achimbe wapi? Udongo wote ulikuwa umevurugwa. Akakisia mahali palipokuwa na mti, kisha akaogopa asije akamega cha mzee, akasogea hatua moja ndani kwake. Akafikiri tena, akaongeza hatua nyingine. Polikarpi, aliyetaka tu kosa lake lifunikwe, akaushika mti, yeye akafukia, akamwagia maji, akaufunika kwa jani la mgomba usiungue na jua. Akaurudia kuutazama mara mbili siku ile, kama mtu anayechungulia mtoto mwenye homa.

Jioni mumewe, Gideon, fundi seremala, akarudi kutoka Kayanga na vumbi la mbao kwenye kope. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwepo nani ulipopanda?"

"Mimi na Polikarpi."

"Mzee hakuwepo. Mwenyekiti hakuwepo." Gideon akakaa chini polepole. "Felicitas, umepanda mpaka peke yako?"

"Nimeurudisha tu!"

"Hapa mramula unapandwa na pande mbili, kila mmoja ameushika, na mtu wa tatu anatazama. Anayepanda peke yake ni mwizi wa shamba. Hata kama ameupanda jikoni kwake."

Kwao Felicitas, kwenye malisho, mpaka ulikuwa kijito na kilima, na vyote vilipandwa na Mungu. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Usiku ule mtoto alilala vizuri, mama yake hakulala.

Mzee Rwegoshora alirudi Alhamisi. Aliona majani yaliyolegea, aliona udongo mbichi, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Privatus, koti la harusi bado liko mwilini na ua liko mfukoni. Aliporudi akasimama ng'ambo ya migomba.

"Mama Rivasi! Kumbe hata mipaka unairudisha rivasi?"

"Shikamoo, tata, baba yangu. Naomba nieleze..."

"Utaeleza Jumamosi, mbele ya watu. Nami nitasema neno moja tu: mwenye kupanda mpaka mimi sipo, malori yake hayatapita ubavuni mwangu. Kiwanja kifungwe!"

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Bila kuyumbia kidogo ubavu wa mzee, lori halipiti mlango ule. Kiwanja kikifungwa, malori yanarudi kuzunguka kama zamani, matawi yanarudi barabarani, na Mama Rivasi anarudi kuwa mwanamke wa kibarazani anayetazama wengine wakipita. Siku mbili zile aliwakatalia madereva mlangoni. Wengine waliondoka kwenda kuzunguka. Mmoja, Uwiringiyimana, Mnyarwanda mpole anayebeba chumvi, alimwachia pakiti moja akasema, "Ya kuwatilia wazee kwenye mchuzi, mama. Itasaidia."

Jumamosi asubuhi watu walijaa pale mpakani kuliko waliokuja kusikiliza mkutano wa maji. Polikarpi alikuwapo, ameacha gari Kayanga kwa rafiki, amevaa shati lililopigwa pasi. Privatus akafungua kwa sala fupi, akauliza.

"Mama Joanitha, ulipanda peke yako?"

"Ndiyo, waitu," alijibu, kwa neno la heshima la huko. "Kosa ni langu. Sikujua, lakini kosa ni langu."

Watu wakaguna. Walikuja kusikia akikana.

"Mzee?"

"Mimi sina maneno mengi," alisema Mzee Rwegoshora, akasema mengi. Alisema juu ya babu yake, juu ya moshi, juu ya vijana wa siku hizi. Akamalizia, "Mramula ukikatika, mizizi inabaki. Chimbeni! Itawaambia amekula kwangu kiasi gani."

Hilo lilikuwa kweli. Mizizi ya mramula ina rangi ya machungwa, huwezi kuichanganya na mingine. Wakachimba upande wa mzee kwanza. Udongo mtupu. Wakachimba chini ya mti uliopandwa, kutafuta mzizi wa zamani. Udongo mtupu. Wakasogea katikati, na kwenye jembe la tatu ikatokea, vipande vya rangi ya machungwa vinang'aa kwenye udongo mweusi, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye mti ule mpya. Hatua mbili kuelekea kwa mzee.

Privatus akautazama mzizi, akautazama mti, akaurudia mzizi.

"Mzee," alisema, "mti umehamia kwake. Shamba lako limeongezeka."

Mzee Rwegoshora akaja akapima mwenyewe, kisigino kwa kidole, kama alivyokuwa akisoma mizani asiyoiamini. Akapima tena kutoka upande wa pili. Jibu likawa lile lile. Mkewe, Mama Kokwijuka, alianza kucheka taratibu, bega likitikisika, kisha akashika kiuno.

"Jamani! Nimeishi miaka sabini sijamwona mwizi wa namna hii. Anaiba kwake analeta kwetu! Mwanangu, usiku njoo uibe tena, kuna mahali pa kupanda maharage nimekosa!"

Watu wakaangua kicheko, Polikarpi akapiga makofi. Mzee peke yake ndiye hakucheka.

"Kosa ni kosa," alisema, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. "Lakini niambie. Kwa nini hatua mbili?"

Felicitas alikuwa ameinamisha kichwa, anamtikisa mtoto. "Ya kwanza ilikuwa ya kisio, tata, nisije nikamega chako. Ya pili ilikuwa ya hofu."

"Hofu ya nani?"

"Yako."

Hapo mdomo wa mzee ukacheza. Akajikaza. Mkewe hakumpa nafasi.

"Hofu ya huyu? Waitu, mwogopeni nyie! Tangu Alhamisi malori yamekatazwa, ameshinda kama kuku mgonjwa. Chai haimalizi. Kwa kawaida lori likianza kurudi nyuma anakimbilia kioo chake: 'Huyu amekata mapema! Huyu hajui! Mtazame yule mama, sasa hivi atamnyoosha!' Ndevu zenyewe ziko wapi? Ananyoa ngozi!"

Watu waliokuwa wamekaa wakasimama ili wacheke vizuri. Mzee Rwegoshora akajipapasa kidevu. Akamtazama Felicitas, akaona kwamba yeye tu ndiye hakushangaa.

"Ulijua?"

"Nilikuona kwenye kioo, tata. Ukiuona uso wa mtu, naye anauona wako."

"Na hukumwambia mtu?"

"Niseme nini? Mtu ananyoa kwake."

Mzee akacheka. Alicheka kwa kikohozi, kama pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Alipotulia, akili ya karani wa mizani ikaanza kazi. Akaenda mlangoni, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Polikarpi! Tela yako ikikata, mkia unatoka nje kiasi gani?"

"Hatua mbili, mzee. Mbili na kitu."

"Basi tatizo si huyu mama wala si wewe. Ni huu mti wa kwanza. Babu yangu aliupanda wakati gari lilikuwa la karani wa mkoloni, dogo kama sanduku." Akasimama, magoti yakalia. "Mwenyekiti, andika. Ile minne ibaki ilipo. Huu wa mlangoni usogezwe hatua tatu kuja kwangu, mkia wa tela upate pa kuyumbia. Mpaka utapinda. Upinde."

"Shamba lako litapungua, tata," alisema Felicitas.

"Mbili umenipa wewe, nakurudishia. Moja ni yangu. Ya hofu," alisema mzee, "nisije nikakosa kuona malori."

Kosa halikuachwa hivi hivi. Privatus alimtoza Felicitas kibuyu cha omuramba, ile juisi ya ndizi tamu isiyochacha, kwa sababu mzee ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya Walutheri na hataki kuonekana na pombe. Kikanywewa pale pale. Mama Kokwijuka akapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mmoja akachukua punje zake mbili. Kisha mzee akaushika mramula upande mmoja, Felicitas upande mwingine, Privatus akatazama, na mti ukashuka kwenye shimo jipya. Joanitha alinyoosha mkono akachuma jani moja. Wakasema naye ni shahidi.

Saa nane Polikarpi akaleta gari. Watu hawakuwa wameondoka. Felicitas akachukua jani la mgomba, akasimama mahali pake. Mzee akaja akasimama karibu naye, mikono nyuma.

"Twende," aliita Felicitas. "Twende... kata kushoto..."

"Bado," alinong'ona mzee.

"Nimeona, tata. Acha! Nyoosha. Twende... twende..."

Mkia wa tela ukayumba, ukapita mbele ya mramula ukiacha nafasi ya kupitisha mbuzi. Lori lote likateleza ndani kama ng'ombe anayejua zizi lake. Felicitas akamtazama mzee pembeni. Jicho la mzee lilikuwa linang'aa, midomo inacheza bila sauti.

"Sema wewe," alimwambia.

"Nini?"

"La mwisho. Haraka, tata, atagonga jiko!"

"Hapo!" alinguruma Mzee Rwegoshora kwa besi ile ya kwaya. *Psss*, ikajibu breki, na Joanitha akacheka mpaka akapata kwikwi.

Kiwanja kipo mpaka leo. Halmashauri inasema ina mpango wa kujenga maegesho makubwa mahali fulani, na huenda ikajenga. Kwa sasa malori manne hulala kwa Mama Rivasi kila siku ya msimu, na yanayozidi huingia upande wa mzee, alikokata migomba mitatu iliyozeeka. Ukifika mlangoni, kwenye kona ya mpaka uliopinda, utaona kigingi, na juu yake kioo kidogo cha kunyolea kimepigiliwa misumari, kimetazamishwa barabarani ili dereva auone mkia wa gari lake. Ni kidogo mno, hakionyeshi chochote. Madereva hukitazama hivyo hivyo, kwa heshima.

Naye Mzee Rwegoshora, kwa kukosa kioo, siku hizi ana ndevu.